Farasi wa Kaburini, Bakuli la Baharini: Majibu kwa Wakusanyaji wa Vyombo vya Kale vya Uchina

Tangu safu hii ilipogusia mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa katika makaburi ya Kunduchi, barua za wasomaji kuhusu vyombo na sanamu za udongo za Uchina zimekuwa nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Nimechagua tano na kuzifupisha. Majina ya waandishi yameachwa kwa ombi lao wenyewe.

Mheshimiwa mwandishi, pokea salamu zangu. Jirani alinikutanisha na kijana anayeuza sanamu ya farasi ya udongo, yenye rangi ya kahawia, kijani na maziwa, kimo chake kama nusu mita. Anadai ni ya enzi ya Tang, kwamba ilifukuliwa na wavuvi kule Kilwa, na ana cheti cha maabara kinachothibitisha umri wake. Anataka shilingi milioni nane, na anasema yupo mnunuzi mwingine anayesubiri. Nimekusanya vyombo vya shaba vya pwani kwa miaka mingi, lakini udongo siujui. Ninunue? (Mkusanyaji, Upanga)

Ndugu yangu wa Upanga, usinunue. Nitakueleza sababu kwa kirefu, kwa kuwa hadithi uliyopewa ina kosa moja ambalo mtu akishalijua hadanganyiki tena kwa njia hiyo.

Vyombo vya kale vya Uchina vinavyogombewa na wakusanyaji vina koo mbili, na koo hizo hazikuishi pamoja. Ukoo wa kwanza ni wa vitu vya makaburini, ambavyo Wachina huviita mingqi: farasi, ngamia, watumishi, wapiga ngoma, mbwa, majiko, visima na maghala madogo ya nafaka, vyote vya udongo, vilivyofinyangwa ili marehemu asipungukiwe na kitu huko aendako. Vilibebwa katika msafara wa mazishi, vikafungiwa chini ya ardhi, na hakuna aliyekusudia vionwe tena na jicho la mtu aliye hai. Ukoo wa pili ni wa vyombo vya biashara, yaani mabakuli, sahani na mitungi iliyochomwa kwa maelfu ili ipakiwe majahazini na kuuzwa ng'ambo. Ni huu ukoo wa pili ndio uliofika pwani yetu.

Farasi wa rangi tatu ni wa ukoo wa kwanza. Enzi ya Tang ilidumu kuanzia mwaka 618 hadi 907, na sanamu za namna hiyo zilitengenezwa hasa kwa ajili ya makaburi ya wakubwa waliozikwa karibu na Chang'an, ambayo leo ni Xi'an, na karibu na Luoyang. Majoko yake mashuhuri, yaani matanuri ya kuchomea udongo, yalikuwa Gongyi, katika jimbo la Henan. Serikali yenyewe iliweka masharti kuhusu idadi na kimo cha sanamu kulingana na cheo cha marehemu. Baada ya uasi wa jenerali An Lushan, ulioanza mwaka 755, utengenezaji ulififia, na sanamu zikasahauliwa mpaka mwanzoni mwa karne ya 20, pale wachimbaji wa njia ya reli karibu na Luoyang walipoyakata makaburi hayo na soko la dunia likaamka. Farasi hao, kwa maneno mengine, hawakusafiri kwa karne kumi na moja, na walipoanza kusafiri hawakupitia Kilwa.

Ukitaka ushahidi wa kile kilichosafiri, itazame shehena ya jahazi lililozama karibu na kisiwa cha Belitung, Indonesia, na kugunduliwa mwaka 1998. Lilikuwa jahazi la mbao zilizoshonwa kwa kamba, kama mitepe ya wazee wetu, na lilizama katika karne ya 9, wakati Tang bado inatawala. Ndani yake vilikutwa vyombo vya udongo vipatavyo 60,000, vilivyo vingi vikiwa ni mabakuli ya kawaida kutoka majoko ya Changsha, na bakuli moja limeandikwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Farasi mkubwa wa kaburini hakuwamo. Vigae vya Kichina, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, vya karne hiyohiyo vimefukuliwa Manda na Shanga, katika visiwa vya Lamu, na huko pia kilichokutwa ni vyombo vya kulia na vya kuhifadhia. Ni nahodha gani angetoa nafasi ya shehena kwa kitu ambacho mteja wake asingejua akifanyie nini?

Kwa hiyo sanamu uliyoonyeshwa iko katika moja ya hali tatu. Ikiwa imetoka Kilwa kweli, basi imefukuliwa bila kibali, na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, inayolinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, inamtaka aliyeiona atoe taarifa kwa wahusika, si atafute mteja. Ikiwa imetoka Uchina kweli, imetoka kaburini, na sheria ya huko ya mwaka 1982 inazuia vitu vya kale vya namna hiyo kutoka nje. Tena ukija kutaka kuiuza Marekani, utakuta kwamba tangu mwaka 2009 nchi hiyo hairuhusu kuingizwa kwa vitu vya kale vya Uchina hadi vya enzi ya Tang, isipokuwa vyenye hati za kuonyesha viliondoka kihalali au zamani. Ikiwa haikutoka huko wala huko, ni nakala mpya. Nikilazimishwa kuchagua bila kuiona, nitachagua hili la mwisho.

Ukipata nafasi ya kuishika, kuna mambo ya kutazama, ingawa nakusihi usiyafanye kuwa hukumu. Farasi wa Tang alifinyangwa kwa kalibu za vipande viwili vilivyounganishwa, ndani ni mtupu, na chini ya tumbo huwa na tundu. Udongo wake ni mweupe au unaelekea rangi ya waridi hafifu. Glezi, yaani ule mng'aro wa kioo unaopakwa juu ya udongo kabla ya kuchomwa, ilikuwa ya madini ya risasi, ikitiwa rangi ya kijani kwa shaba, ya kahawia kwa chuma, na mara chache ya buluu kwa kobalti. Katika joko iliyeyuka na kuteremka kwa michirizi, rangi moja ikiingia katika nyingine, na mara nyingi haikufika hadi kwenye kwato wala kwenye kitako. Kwa umri hupata nyufa ndogo mno, nyembamba kuliko unywele. Mghushi mzuri anayajua haya yote kama mimi na wewe, na huyatengeneza. Hata udongo wa kaburi huupaka kwa gundi, kwa hiyo ukiona tope limeshika sawasawa kila mahali, hata mahali ambapo maji yasingeweza kulifikisha, shaka yako iongezeke.

Kuhusu cheti, kipimo kinachotajwa humo kwa kawaida huitwa themoluminesensi. Udongo una chembe za kwatzi na madini mengine ambazo, mwaka baada ya mwaka, huweka akiba ya nishati kutokana na mionzi hafifu iliyomo katika udongo wenyewe na katika mazingira yake. Moto wa joko huifuta akiba yote, na tangu siku hiyo hesabu huanza upya. Maabara hutoboa kitundu kidogo mahali pasipoonekana, huchukua unga, huupasha joto na kupima mwanga unaotoka, kisha hukadiria ni muda gani umepita tangu chombo kilipochomwa. Kipimo hicho hakiwezi kukuambia ni mfalme gani alikuwa akitawala, lakini hutofautisha vizuri sanamu ya miaka 1,200 na ya miaka ishirini. Udhaifu wake ni kwamba kinapima pale palipotobolewa tu. Wapo wanaojenga farasi mpya juu ya kipande cha kale, wapo wanaounganisha vigae vya kale vya makaburi mbalimbali, na wapo wanaoipitisha sanamu mpya kwenye mionzi ili ionekane na akiba ya karne nyingi. Cheti kisicho na picha ya sanamu yenyewe, kisichoonyesha mahali palipotobolewa, na ambacho maabara iliyokitoa haikikumbuki ukiiuliza, ni karatasi tu.

Bei nayo isikutie wazimu wala isikutie moyo. Farasi mmoja wa Tang aliyekuwa mali ya mfuko wa pensheni wa shirika la reli la Uingereza aliuzwa mnadani London mwaka 1989 kwa zaidi ya pauni milioni tatu na nusu, na hadithi hiyo ndiyo wauzaji wanayopenda kuisimulia. Hawasimulii kwamba vyungu vidogo vya kawaida vya enzi ya Han, kwa kuwa ni vingi, huuzwa mnadani kwa bei ya mamia ya dola. Bei ndogo peke yake haithibitishi ughushi, kama vile bei kubwa haithibitishi ukale. Lakini huyo mnunuzi wa pili anayesubiri, ambaye katika biashara hii huwa hakosekani, ndiye anayenikumbusha kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mwandishi mpendwa, mimi ni mzee mstaafu, naishi Kunduchi. Mjukuu wangu ameokota vigae viwili ufukweni, si mbali na magofu: kimoja cha kijani, kizito, na kingine cheupe chenye maua ya buluu yanayolingana kwa ukubwa. Nitajuaje kama ni vya Kichina, na ni halali kukaa navyo? (Babu, Kunduchi)

Shikamoo, mzee wangu. Umekaa mahali ambapo wengi wetu tunapaswa kulipa nauli ili kupaona. Makaburi yenye nguzo katika magofu ya Kunduchi yalipambwa kwa mabakuli na sahani za Kichina zilizopachikwa katika chokaa, na ingawa mengi yameng'olewa na wapita njia wa vizazi vilivyotangulia, nafasi zake za mviringo bado zinaonekana. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza, Mortimer Wheeler, baada ya kuizuru pwani hii, alisema kwamba kuanzia karne ya 10 historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini imeandikwa kwa kauri za Kichina, yaani vyombo vya udongo mgumu uliochomwa kwa moto mkali. Maneno hayo yamerudiwa mno na yana chumvi kidogo, kwa sababu historia yetu imeandikwa zaidi kwa vyungu vyetu wenyewe, ambavyo katika kila fukuo ni vingi kuliko vya wageni. Hata hivyo, kwa kupanga tarehe alikuwa na haki, kwa kuwa mitindo ya kauri za Kichina inajulikana kwa karne, na kigae kimoja kilichokutwa chini ya sakafu huweza kumwambia mchimbaji kwamba sakafu ile haikuwekwa kabla ya wakati fulani. Kwa njia hiyo mwanaakiolojia Neville Chittick aliweza kuyapanga majengo ya Kilwa Kisiwani, ikiwemo Husuni Kubwa, kasri ambalo lilijengwa wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, yuleyule aliyemkaribisha msafiri Ibn Battuta mwaka 1331.

Sasa kuhusu vigae vya mjukuu. Kile cha kijani huenda kikawa seladoni ya Longquan, kutoka jimbo la Zhejiang, iliyoingia pwani yetu kwa wingi hasa katika karne za 14 na 15. Dalili zake ni udongo mgumu wa kijivu au mweupe ndani, glezi nene ya kijani tulivu kama maji ya bahari yenye kina, na pale kwenye kitako pasipopakwa glezi, rangi ya kutu iliyoletwa na moto wa joko. Ukikigonga kwa kucha kinalia. Ikiwa ndani ni laini, rangi ya mchanga, na glezi inabanduka kama gamba, basi hicho si cha Uchina bali ni chombo kilichotoka nchi za Ghuba au Uajemi, ambavyo navyo vilikuja kwa wingi na vina heshima yake.

Cheupe chenye maua ya buluu kinahitaji uangalifu zaidi, kwani hapo ndipo wengi wanapokosea. Kauri ya buluu na nyeupe ya Jingdezhen, mji wa Uchina, imechorwa kwa brashi, chini ya glezi, na michoro yake ina mahali penye wino mwingi na mahali penye wino mchache. Ukikiinua kigae chembamba juani mwanga hupenya. Lakini katika karne ya 19 pwani yetu ilijaa pia sahani za viwandani kutoka Uingereza na Uholanzi, hasa za Maastricht, nyingine zimepigwa chapa na nyingine zimechapwa maua kwa sifongo. Hizo hazipitishi mwanga. Dondoshea tone la maji mahali palipovunjika: kauri ya Kichina hailinywi, sahani ya udongo ya Ulaya hulinywa polepole. (Wanaakiolojia wa zamani walitumia ncha ya ulimi, na ulimi ukinata ni udongo. Kwa vigae vya ufukweni mimi nashauri maji.) Kwa jinsi ulivyokieleza, maua yanayofanana yote kwa ukubwa, nadhani mjukuu ameokota sahani ya bibi wa bibi yake.

Kuhusu uhalali, kilichotengenezwa kabla ya mwaka 1863 kinalindwa na ile sheria niliyomtajia ndugu wa Upanga, na aliyekigundua anapaswa kutoa taarifa. Usimkaripie mtoto. Mwende pamoja mahali alipookota, mpige picha ya mahali hapo na ya vigae vikiwa kando ya rula, muandike siku na umbali kutoka kwenye magofu, kisha mvipeleke Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako watawaelekeza kwa maofisa wa mambo ya kale. Msichimbe hata kwa kijiti. Kigae kilichotolewa ardhini bila kuandikwa kimetoka katika tabaka gani hakiwezi tena kumpa mtu tarehe ya chochote.

Dada mwandishi, mume wangu amenunua mtungi mdogo wa kijani, anasema ni wa mtindo wa Han. Ni mzuri na una mfuniko. Naweza kuwekea achari ya ndimu? (Mama wa watoto watatu, Ilala)

Hapana, mama. Glezi ya kijani ya Han, enzi iliyodumu kuanzia mwaka 206 kabla ya Kristo hadi mwaka 220 baada yake, imetengenezwa kwa madini ya risasi na kutiwa rangi kwa shaba, na wanaotengeneza nakala mara nyingi hutumia glezi ya risasi vilevile. Ndimu, siki, ukwaju na embe mbichi huitoa risasi hiyo katika glezi na kuiingiza katika chakula bila kubadili ladha wala rangi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo, na madhara hayo hayarudishwi nyuma. Usiwekee achari, usiwekee maji, wala usiuweke mahali ambapo mtoto mdogo anaweza kuulamba. Wachina wenyewe waliutengeneza mtungi wa namna hiyo kwa ajili ya wafu, na mezani walitumia vyombo vingine. Uweke juu ya kabati, na achari itie katika chupa.

Ndugu mwandishi, marehemu mjomba alifanya kazi katika ujenzi wa reli ya TAZARA, na baadaye alikwenda Uchina kwa masomo. Ametuachia sanamu ya mbwa ya udongo wa kijivu yenye mabaki ya rangi nyekundu, na mitungi miwili iliyochorwa. Tangu tuihamishie sebuleni, penye kiyoyozi, kitako cha mbwa kinatoa unga mweupe, na sikio moja limedondoka. Dada yangu anataka kumwosha mbwa na kumgandisha sikio kwa gundi ya papo hapo. Afanye? (Mpwa, Mbezi Beach)

Mzuie dada yako kwa heshima lakini kwa haraka.

Kwanza hakikisha unga huo ni nini. Ukiwa na manyoya na harufu ya chumba kilichofungwa, ni ukungu. Ukiwa ni punje ndogo zinazometameta, na ukirudi baada ya kupanguswa, ni chumvi. Chombo kilichokaa ardhini kwa muda mrefu hunyonya chumvi, na udongo uliochomwa kwa moto mdogo, kama huo wa kijivu, una vinyweleo vingi vya kuihifadhi. Hewa ya Dar es Salaam inapokuwa na unyevu wa zaidi ya asilimia 75, chumvi ya kawaida huyeyuka na kukaa kimya ndani ya udongo. Mkiwasha kiyoyozi hewa hukauka, chumvi huganda kuwa fuwele, fuwele hutanuka na kusukuma rangi na udongo kutoka ndani. Mkikizima usiku, huyeyuka tena. Kwa hiyo ubaya hautokani na unyevu peke yake wala ukavu peke yake, bali na kupishana kwake kila siku. Mhamishieni mbwa chumba ambacho hakina kiyoyozi, au kabati la vioo lililo mbali na upepo wake, msimwegemeze kwenye ukuta wa nje, na wakati wa masika msifungue kabati hilo ovyo.

Kumwosha ni hatari zaidi kuliko chumvi yenyewe. Rangi nyekundu hiyo ilipakwa baada ya sanamu kuchomwa, haikuunguzwa pamoja na udongo, na maji huiondoa. Askari wa udongo wa mfalme wa kwanza wa Qin, ambao wakulima waliwagundua mwaka 1974 karibu na Xi'an walipokuwa wakichimba kisima, walikuwa wamepakwa rangi kali, na nyingi ilibanduka ndani ya dakika chache baada ya kukutana na hewa kavu, kwa kuwa utomvu uliokuwa chini yake ulijikunja. Vumbi la mbwa wenu lipanguswe kwa brashi laini ya manyoya, kavu, kuanzia juu kwenda chini, na mahali ambapo rangi inaning'inia pasiguswe kabisa.

Sikio litieni katika bahasha ya karatasi, andikeni tarehe, na lisubiri. Gundi ya papo hapo huingia katika vinyweleo, hugeuka njano, na haiwezi kutolewa bila kuondoka na udongo. Wahifadhi wa makumbusho hutumia gundi iitwayo Paraloid B-72, inayoyeyushwa kwa asetoni, ambayo kesho mtu mwingine anaweza kuilegeza na kurekebisha makosa ya leo. Ombeni ushauri wa mhifadhi kabla ya kuinunua.

Kuna jambo hukuliuliza, nami naliona kubwa kuliko sikio. Je, mjomba aliacha barua, risiti, picha za nyumba yake zinazoonyesha mitungi hiyo ikiwa kwenye meza, au daftari la safari? Reli ya TAZARA ilijengwa kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, na zawadi nyingi zilizobadilishwa siku hizo zilikuwa kazi nzuri za mikono za wakati huohuo, zilizoiga za kale bila nia ya kumdanganya mtu. Umri wa mbwa wenu siwezi kuujua kwa barua. Lakini picha moja ya mwaka 1975 yenye mbwa huyo nyuma ya mjomba itakuwa ushahidi wa mahali alipokuwa na tangu lini, na katika ukusanyaji wa vitu vya Uchina, nasaba ya namna hiyo ndiyo inayotenganisha urithi wa halali na mali iliyochomolewa kaburini juzi. Tafuteni kabla masanduku hayajagawanywa kwa ndugu.

Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Navutiwa na mitungi ya kale kabisa ya Uchina, ile yenye michoro ya mawimbi, lakini sina fedha. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Mlimani)

Marahaba, mwanangu. Mitungi unayoizungumzia nadhani ni ya utamaduni wa Majiayao, wa Gansu na Qinghai, iliyofinyangwa takriban kati ya mwaka 3300 na 2000 kabla ya Kristo. Mwanajiolojia Msweden, Johan Gunnar Andersson, ndiye aliyeitangaza kwa ulimwengu katika miaka ya 1920, baada ya kufukua kijiji cha Yangshao mwaka 1921, na sehemu ya alivyovikusanya ndiyo iliyoanzisha makumbusho ya vitu vya Asia ya Mashariki huko Stockholm. Michoro yake kwa kawaida imeishia nusu ya juu ya mtungi. Mtu akiketi chini na mtungi uko ardhini mbele yake, nusu hiyo ndiyo anayoiona.

Kutokuwa na fedha ni kinga yako kwa sasa, kwa sababu anayeanza na fedha hununua makosa yake kwa bei kamili. Nunua nakala iliyouzwa kama nakala, nawe uandike chini yake kwa penseli kwamba ni nakala, ili mtu asije akaiuza kama ya kale utakapokuwa hupo. Nenda makumbusho mara nyingi, na kila uendapo tazama kitu kimoja tu kwa nusu saa.

Kisha nenda kwa mfinyanzi. Mitungi ya Majiayao ilijengwa kwa kuzungusha mikunjo ya udongo, mkunjo juu ya mkunjo, bila gurudumu la kasi, na hivyo ndivyo wafinyanzi wetu wengi wanavyofanya hadi leo. Wanawake wa Kikisi wa ufukwe wa Ziwa Nyasa, ambao vyungu vyao huuzwa Matema, ni mabingwa wa kazi hiyo, na wapo wafinyanzi walio karibu zaidi nawe, wanaouza kando ya barabara. Omba ruhusa, ingiza mkono ndani ya chungu kilichokauka lakini hakijachomwa, na uzungushe vidole taratibu kutoka kitako hadi shingoni. Utahisi mahali mkunjo mmoja ulipoungana na mwingine, na mahali kidole gumba cha mama yule kilipokandamiza zaidi kwa sababu udongo ulikuwa mkavu. Mghushi anayemimina udongo wa majimaji katika kalibu huacha ukuta wa ndani laini, wenye unene uleule kila mahali. Siku utakapoonyeshwa mtungi wa miaka elfu nne, kabla ya kutazama mawimbi yaliyochorwa nje, omba kwanza kuingiza mkono.